Tulimuaga Kwenda Prasil

Wanaume wengine wa Kapkatet waliugua pombe, wengine siasa. Wangu aliugua ramani. Alikuwa na ramani ya dunia aliyoibandika kwa uji wa ngano ukutani, juu ya kitanda chetu, na sijui ni nchi ngapi nilipitishwa kabla sijaruhusiwa kulala. Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa lori la majani chai. Safari zake zote zilianzia kituo cha kununulia majani zikaishia kiwandani, na nyingine zilikwama matopeni katikati, akavutwa na trekta.

Kisha misheni ikaletewa bruda, mtawa wa kiume kutoka ng'ambo, fundi wa matangi ya maji. Jumamosi mchana aliwafundisha vijana mieleka ya kwao katika ukumbi wa parokia, juu ya magodoro ya maganda ya mahindi. Mume wangu alikwenda kuangalia tu. Alirudi sikio moja limevimba, na usoni ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu harusi yetu.

"Hii ni mchezo ya Prasil," aliniambia. "Inaitwa jujitsu. Unapigana ukiwa umelala chini."

Nilicheka mpaka nikaweka pasi kando nisije nikaunguza sare ya watu. Mimi ni wa upande wa pili, ng'ambo ya Sotik, Kisii. Kwetu na kwao hatukubaliani mambo mengi, lakini hili tunakubaliana: mwanamume aliyelala chali ameshindwa, na kilichobaki ni kumtafutia mtu wa kumpeleka nyumbani. Mume wangu akanieleza, kwa subira ya mtu aliyeokoka jana, kwamba katika mchezo huu aliye chini ndiye mwenye hila. Anamfunga mwenzake kwa miguu, anashika ukosi wa koti lake, anamkaba nao. Nikamwuliza kwa nini huyo mwenzake asivue koti.

Shida ya kwanza ya mchezo huo ilikuwa heshima. Ukikabwa unatakiwa umgonge mwenzako kwa kiganja, akuachilie. Hakuna kijana wa Bureti, wilaya ile, aliyekubali kugonga. Walikuwa tayari kuzimia, na mmoja alizimia kweli, mtoto wa mzee wa kanisa. Aliyepata dawa ni mume wangu. Akawaambia kule si kushindwa, ni kupiga hodi: umefika mlangoni kwa mtu, unabisha kwa adabu, unafunguliwa. Tangu hapo wakawa wanapiga hodi bila haya, na aliyekaba anajibu "karibu" huku akiachia shingo. Biashara yetu ilipozaliwa hatukuhangaika kutafuta jina. Iliitwa Hodi.

Ilizaliwa kwa sababu bruda alihamishwa, na siku ya kuondoka alimwachia mume wangu vijana awafundishe na kimono yake, ndivyo walivyoliita vazi lenyewe: koti zito jeupe, suruali na mshipi. Mume wangu aliiita gimono na kuitundika kando ya ramani. Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu ilikuwa mbele, dukani, nasi tuliishi nyuma, tukitenganishwa na ukuta wa mbao na pazia. Nililitazama lile koti kwa muda, kisha siku moja mwenyewe akiwa kazini nikalifumua lote, nikalaza vipande mezani na kuvichora kwenye karatasi. Aliporudi akakuta bruda wake amekuwa matambara, akaketi kwenye gunia la mabaki ya vitambaa. Lakini hakukuwa na njia nyingine ya kujua siri ya ukosi ule. Ndani yake kuna kitambaa kilichokunjwa tena na tena, kikapigwa cherehani mistari mistari, mpaka kikawa kigumu kama kamba ya ng'ombe. Nilivunja sindano nyingi kwa ukosi mmoja kuliko kwa sare za shule nzima. Nilitumia amerikani tabaka mbili, na kitambaa kigumu cha drili magotini, na vijana walipolivuta koti langu la kwanza, wawili huku na wawili kule, halikuchanika. Nilijivuna, sifichi.

Wazo la safari lilikuwa la mgonjwa wa ramani. Kila kimono, alisema, iwe na jina la mahali mgongoni, mahali ambapo mwenye kuivaa hajafika bado. Zile za kwanza zilikuwa za nchi ya mchezo wenyewe. Alinitamkia, nikaandika nilivyosikia, nikatarizi kwa uzi wa kijani herufi kubwakubwa: PRASIL. Watu wa mume wangu wana b na p zinazoazimana nguo. Mtu ataniuliza kama sikuijua Brazil. Niliijua, ile ya mpira, nani hakuisikia redioni wakati wa Kombe la Dunia? Nilidhani Prasil ni nyingine, nchi ndogo, labda ya milimani. Aliyetushtua ni mwalimu wa jiografia aliyekuja kupunguziwa suruali. Tukangoja makoti yarudishwe kwa matusi. Halikurudi hata moja. Wenyewe walisoma migongoni mwao wakaona pameandikwa sawasawa.

Baada ya hapo kila mtu akawa na kwake. Askari wa shamba moja la chai alitaka Yerusalemu. Mfugaji wa Sotik, ambaye hakuwahi kukanyaga ule ukumbi, alitaka koti la kukamulia lenye neno Uholanzi, kwa heshima ya asili ya ng'ombe wake. Kijana mmoja alichagua Sigor. Tulimwambia Sigor ni hapo tu, akasema dada yake ameolewa huko na yeye hajafika, na sheria ni sheria. Wateja walitoka pande zote mbili za mpaka, wa kwetu na wa kwao, wakapimwa kifua kwa futi ileile wakicheka. Katika miaka ile ya uhasama wa mpakani hilo halikuwa jambo dogo, na mimi niliyeolewa katikati nililiona.

Mume wangu akaacha lori. Kisha ukaja mwaliko. Bruda alipiga simu misheni akasema amemtafutia nafasi kwa mwalimu wake kule kwao, miezi mitatu, na aje na kimono zetu watu wazione. Tikiti angeichukua Nairobi, kwenye ofisi ya shirika lao.

Hapa kwetu mtu haendi ng'ambo kimyakimya. Kanisa liliunda kamati. Mbuzi alichinjwa, kwaya ikaimba, na mchungaji akaiombea ndege, rubani na upepo mpaka nyama ikapoa. Kila mzee alikuwa na ushauri kuhusu ndege, ingawa hakuna aliyewahi kupanda. Mama mkwe wangu aliteremka kutoka shambani kwake juu ya kilima, akaketi karibu na mlango. Hakugusa mbuzi, akasema jino linamsumbua. Zamu yake ya kumbariki mwanawe ilipofika, alimshika mkono tu, akamwambia avae soksi.

Aliondoka Ijumaa, suti mpya, kimono sandukuni. Jumapili mchungaji akatuomba tumkumbuke ndugu yetu aliye angani saa hii. Niliitika amina kwa sauti kuliko wote. Nikarudi nyumbani na watoto, nikafungua mlango wa jikoni, nikamkuta ndugu yetu aliye angani ameketi kwenye kigoda, suti mwilini, akila ugali wa jana.

Alikuwa amepiga hesabu kwamba saa ya ibada barabara haina mtu. Huko Nairobi walimpokea vizuri, wakampa chai, wakamwambia bruda amepelekwa kituo kingine mbali sana, mpango umefungwa, hakuna tikiti, poleni. Nilitaka kucheka. Nilikuwa na maneno mazuri sana tayari mdomoni. Kisha nikaona jinsi anavyolikamata lile tonge, halili wala haliachi, nikayameza.

Mtu akiagwa namna ile hawezi tena kutoka kwenda kununua chumvi. Jina lake lingekuwa limekwisha, na sifa ya duka ilisimama juu ya jina hilo. Kwa hiyo akakaa ndani, nyuma ya pazia. Nikiri kwamba sijawahi kupata mfanyakazi wa namna hiyo. Alikata vitambaa, alishona mishipi kwa mkono, alipiga pasi. Watu dukani waliniuliza habari za msafiri, nami niliwajibu kwamba alifika salama, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siku moja alikohoa nikiwa nampima mteja kiuno. Nikasema ni redio. Mteja akasema redio hiyo itafutiwe dawa ya kifua.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Wiki hiyohiyo mwalimu wa nursery alinieleza, huku akijikaza asicheke, kwamba binti yetu amewafundisha wenzake kuwa Brazil iko nyuma ya pazia na baba yake anakunywa uji huko. Kapkatet nzima ilikuwa inajua. Ilikuwa inajua tangu ile Jumapili, maana hata saa ya ibada kuna watu wasioenda kanisani, na hao ndio wenye macho. Lakini hakuna aliyesema. Walichofanya ni kuja dukani na kuzungumza na ukuta. Kijana anasimama katikati ya duka, ananiangalia mimi, anapaza sauti kuelekea mbao: "Mama, ukiongea na mzee huko Brazil, mwambie hii ukosi inanibana." Kesho yake nakuta ukosi umelegezwa. Mwingine alieleza kwa urefu jinsi alivyokabwa Jumamosi na kumwuliza ukuta alikosea wapi, na ukuta ukasahau, ukajibu.

Nilimwambia mume wangu kwamba watu wanajua. Nilidhani nampa nafuu. Uso wake ukakunjamana. Aibu ya kufichwa na watu ilimchoma kuliko aibu ya kujificha. Akasema ameshafikiri: ataondoka kabla hakujapambazuka, aende Mombasa, atafute kazi bandarini mpaka ile miezi mitatu iishe, kisha arudi mchana kweupe kama mtu aliyesafiri.

Sikumtania. Kaka yake mkubwa alikwenda Mombasa namna hiyohiyo, kwa miezi michache, kabla mimi sijaolewa. Hajarudi, hajatuma salamu, na kama yuko hai au ni marehemu hakuna anayejua. Niliogopa. Nilimpenda mtu yule na ramani yake, na nilijua kwamba mwanamume anayeondoka kwa haya hapati siku nzuri ya kurudi, kila mwaka unaongeza haya nyingine. Nilimsihi asubiri Jumamosi ipite kwa sababu kuna oda ya watu wa Sotik. Alikubali kwa sababu ya oda, si kwa sababu yangu. Alhamisi nikafunga duka nikapanda kilima kwa mama yake.

Nilimkuta akikamua. Nilimweleza yote nimesimama, naye hakugeuka, akaendelea kukamua. Alipomaliza akaniuliza jambo moja tu, kama mtoto wake anakula. Nikasema anakula. Akanipa maziwa ya watoto, akaniambia nirudi nikashone.

Jumamosi mchana, duka likiwa limejaa watu wa Sotik na wa kwetu waliokuja kuchukua kimono zao, tulisikia wanawake wakiimba barabarani. Walikuwa wa kanisa letu, wamevaa vitambaa vya kichwa vya ibada. Mbele yao alikuwa mama mkwe, amejifunga shuka mpya, na mikononi kibuyu cha mursik, yale maziwa yanayolazwa siku nyingi kwenye mkaa wa mti uliosagwa hadi yakolee. Kwa watu wa mume wangu hicho ndicho kinywaji cha mtu aliyetoka mbali. Wanariadha wakirudi na medali mama zao huwapelekea mpaka uwanja wa ndege.

Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, kwenye jua, akasema kwa Kiswahili ili hata watu wa upande wangu wasikie: "Nimeambiwa mtoto yangu amerudi kutoka Prasil. Mwambieni mama yake ako hapa."

Wote tulikuwa tukitazama pazia. Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani. Akatoka pole pole, na nyuzi nyeupe kwenye nywele, ndevu hazijanyolewa, miguuni soksi bila viatu. Watu wakamwachia njia, hakuna aliyecheka, na vijana wake wa ukumbini waliinamisha vichwa kama wanavyomsalimu kabla ya mazoezi. Alifika mlangoni akasimama mbele ya mama yake.

"Mama," alisema, "mimi sikufika."

Mama yake alikuwa ameshafungua kibuyu. Aliinua mkono, akamshika kisogo, akakisogeza kibuyu mdomoni mwake.

"Najua," alisema. "Kwenda kila mtu anaweza. Kunywa."