Siku Niliyopasuliwa Nikiwa Mwezini

Waliokuwapo niwataje kwanza, maana wengi wao wameshatangulia mbele ya haki na sijui nani mwengine atawataja. Nilikuwapo mimi, Mwanakombo, msichana niliyevunja ungo miezi michache tu nyuma, na mwenye kidole tumbo kibovu. Alikuwapo mamangu, Mishi binti Hamadi, amekaa kwenye kibao kando ya kitanda changu. Kitanda cha pili, upande wa dirishani, alilala Mama Kadzo, Mgiriama wa Kisauni aliyeangukiwa na gogo la mnazi. Hatukuwa na udugu naye, lakini wadi ile ilikuwa ndogo hata mtu akikohoa mwenzake husema pole. Sista Kalondu, Mkamba, ndiye aliyekuwa mwenye wadi. Mjomba Salimu, ndugu yake mamangu wa tumbo moja, alikuwa akija na kwenda. Na Bi Zuhura wa Timbwani, kwetu Likoni, ambaye ndiye hasa aliyetakiwa siku ile, yeye hakuwapo, na kutokuwapo kwake ndiko kulikotuletea mashaka yote.

Hospitali yenyewe ilikuwa Changamwe, ndogo, ya paa la mabati, na jina lake naliacha. Asubuhi wadi ilinuka dawa ya kupigia sakafu, kisha upepo ukigeuka ukatuletea harufu ya mafuta kutoka kwenye matangi makubwa ya kiwanda cha jirani, mpaka chai yenyewe ukaiona ina ladha ya mafuta ya taa. Malori yalipita barabarani na vitanda vikatetema kidogo. Mimi kila kitanda kilipotetema nilibana meno, kwa sababu upande wangu wa kulia, chini ya kitovu, palikuwa kama pana kaa la moto. Daktari Pinto, Mgoa mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa amenibonyeza tumbo jana yake jioni, akaniachia ghafla, nikalia. Akamwambia mamangu kwamba kidole tumbo kimevimba na asubuhi ni lazima kitolewe. Kikipasukia ndani, sumu itaenea na hapo yeye hatakuwa na la kufanya. Mamangu akasema inshallah. Usiku ule alikaa na tasbihi yake, na mimi nilizisikia shanga zikipita mpaka usingizi uliponichukua.

Alfajiri nilipoamka nilijua, kabla sijatia mkono chini ya shuka, kwamba damu imekuja.

Sasa niseme kwetu mambo haya yalikuwa vipi, maana wasichana wa leo hawayajui. Msichana akivunja ungo hakai na mamake kulizungumza. Mama haulizi, mtoto hasemi. Kuna mwanamke aliyechaguliwa tangu mapema, na huyo ndiye somo. Somo ndiye anayekufundisha kukunja sodo, kile kitambaa cha pamba kilichokuwa leso au shuka kuukuu; ndiye anayekuonyesha kuifunga kwa ukanda kiunoni, kuifua mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu, na kuianika mahali ambapo jua lafika lakini jicho la mtu halifiki. Somo wangu alikuwa Bi Zuhura, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye mikono laini na maneno makali. Siku aliyonifunza aliniambia, "Hii haioni mwanamume, na haioni mamako. Akiiona Mishi, atakuwa amekuona uchi tena kama mtoto mchanga, na wewe si mtoto tena. Umesikia?" Nikamwambia, "Abee, somo, nimesikia." Na nilikuwa nimesikia kwelikweli.

Kifurushi changu cha sodo kilikuwa Timbwani, kimechomekwa darini, kwa sababu nilitolewa nyumbani nikibebwa na hakuna aliyefikiri. Basi nikafanya nililoweza. Nikauma pindo la leso niliyojifunika, nikachana kipande na ukanda wa kukifungia, nikakikunja chini ya shuka bila ya kuona, na kila mkunjo ulinigharimu kaa lile la moto ubavuni. Kisha nikalala chali na mapaja nimeyabana, sigeuki. Nilikuwa nikiwaza mambo mawili, na kila nikilitoa hili linaingia lile. La kwanza, wakijua nina damu hawatanipasua, watanirudisha nyumbani, na kidole tumbo kitapasukia ndani ya tumbo langu kama alivyosema daktari. La pili, wasipojua wakanipasua, damu itatoka juu na chini na itakwisha. Katika mawazo yangu mtu alikuwa kama mtungi, na mtungi hautobolewi pawili.

Mamangu alirudi kutoka kutawadha, akaniona. Akasema, "Leso yako imefanya nini?"

"Imechanika, mama."

Akauangalia ule mchano. Haukuwa wa kuchakaa. Ulikuwa umenyooka, na alama za meno zipo. Mamangu hakuwa mjinga. Nikamwona anafungua mdomo, anaufunga, anakaa, anasimama, anaikunja ile leso vizuri miguuni pangu kana kwamba kuna mgeni anayekuja. Hakuniuliza. Mama Kadzo, aliyekuwa amelala na mguu wake wa plasta umening'inizwa kwa kamba juu kama ndizi dukani, akatutazama sisi wawili, akasema polepole, "Mama Mwanakombo, huyu mwana tangu kukicha hajageuka. Mwangalie." Mamangu akamjibu, "Namwangalia," huku akiangalia ukuta.

Mjomba Salimu alipokuja na chai, mamangu alimpeleka kando ya mlango, lakini sauti zao nilizisikia.

"Rudi Likoni sasa hivi, ukaniitie Bi Zuhura."

"Nimetoka huko sasa hivi, dada. Feri nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Bi Zuhura wa nini?"

"Wewe mwite tu."

"Amekuwa daktari?"

"Salimu, nakwambia kamwite."

"Nami nakuuliza nimwambie nini. Yule bibi nikimtoa nyumbani bila ya sababu atanitukana mpaka kaburini."

Mamangu angemwambia neno moja tu, Salimu angekimbia. Alikuwa mtu wa huruma, Mungu amrehemu. Lakini neno lile kwa ndugu mwanamume halisemeki, hata ndugu wa tumbo moja. Akamwambia, "Mwambie Mishi amwita." Basi Salimu akaondoka kama mtu aliyetumwa chumvi. Tulikuja kujua baadaye kwamba alipovuka feri alikaa kwanza kula mahamri na kuzungumza na watu, na alipofika kwa Bi Zuhura akamwambia tu kwamba mgonjwa anamsalimu. Bi Zuhura naye akaona si vyema kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, akateka maji, akabandika uji.

Jua lilipokuwa limeshaingia wadini akaja Sista Kalondu na gauni la hospitali, lile la kufungwa mgongoni. Nyuma yake, mlangoni, mtumishi Juma Mbwana alikuwa amesimama na kitanda cha magurudumu. Sista akasema, "Haya msichana, toa nguo zote uvae hii. Zote. Hata ya ndani usiniachie."

Nikasema sivui.

"Hapa si arusini, kwamba tukubembeleze. Daktari ameshanawa mikono."

Nikashika chuma cha kitanda. Sista akaivuta shuka, nami nikaivuta, na pale pale tumbo likanikata hata nikaona giza. Nilitapika kidogo, maji tu. Sista akaniwekea mkono kwenye paji la uso, na nikaona uso wake umebadilika. Ukali umetoka, umeingia wasiwasi. Akamgeukia mamangu. "Mama, huyu joto limepanda. Kuna mgonjwa mwingine anangoja nje, na daktari mchana anakwenda kisiwani. Asipoingia sasa, sijui. Mwambie mtoto wako."

Mamangu akaenda mlangoni, akatazama barabarani kule langoni. Nilijua anamtafuta nani. Akarudi, akaenda tena. Malori yalipita. Juma Mbwana akajifanya anakagua gurudumu. Mama Kadzo akasema, hakumsemesha mtu, alisema na dari, "Mwana akifa, huyo mnayemngoja atakuja kumfunza nani?"

Mamangu akarudi kutoka mlangoni, mara hii akitembea kwa haraka. Akamwambia Sista, "Nipe maji ya moto kidogo na kitambaa safi, kisha unipishe." Akalivuta lile pazia la magurudumu akakizungushia kitanda changu, tukabaki sisi wawili ndani ya weupe ule. Nikaanza kulia. Akaniinamia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanakombo, fumba macho. Na mimi nafumba. Hivyo sikuoni, nawe hunioni, na hakuna aliyeona kitu."

Nikafumba. Nikahisi mikono yake inatafuta kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Ikagusa goti, ikarudi, ikaupata ule ukanda niliokuwa nimeufunga vibaya kwa woga. Akaufungua kwa vidole. Akaniosha kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, akilikwepa tumbo langu bila ya kuliona. Uchungu ukanifanya nifumbue. Mamangu alikuwa ameinama juu yangu na macho yake yamefumbwa kweli, yamebanwa hata ngozi imekunjamana mpaka kwenye mashavu, na midomo inasoma kitu. Kitambaa kilianguka chini, akakipapasa sakafuni, hakufumbua. Nikayafunga yangu tena upesi.

Alipomaliza, alitia mkono nje ya pazia, na Sista, aliyekuwa ameshaelewa, akauwekea pamba nene iliyozungushwa shashi, na bendeji ya kuifungia. "Ni hiyo tu, mama?" Sista akasema kutoka nje. "Hiyo haizuii kitu. Wanawake huingia huko ndani nazo na hutoka salama. Mngeniambia." Mamangu alinifunga, akanivisha gauni, akanifunika mpaka kifuani, ndipo akalisukuma pazia. Nilipokuwa nikipelekwa, aliushika mkono wangu mpaka mlangoni, lakini aliangalia mbele.

Daktari Pinto alisema baadaye kwamba kidole tumbo kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na kwamba kingengoja mpaka mchana kisingengoja tena.

Bi Zuhura aliingia alasiri na chungu cha uji kimefungwa kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimeshatolewa, nusu macho, kinywa kikavu, na kushuka kitandani siwezi. Mamangu alimwamkia shikamoo, akamnong'oneza. Bi Zuhura akaweka chungu chini, akaja kuninyanyulia shuka kidogo, akaona ile bendeji ilivyofungwa vizuri, na beseni chini ya kitanda lina maji ya sabuni na vile vipande vya leso vimefuliwa. Akasimama wima. Akauliza wadi nzima, "Nani aliyemfunga huyu?"

Mamangu akainamisha kichwa. Nilidhani leo watagombana, na Bi Zuhura alikuwa akigombana na mtu mtaa mzima unasimama.

"Mimi," akasema Mama Kadzo.

Bi Zuhura akageuka. Akamtazama Mama Kadzo, akaufuata kwa macho ule mguu wa plasta mpaka juu kwenye kamba na jiwe lililokuwa likiuvuta, akateremka nao tena mpaka chini. Kisha akamtazama mamangu, muda mrefu. Mama Kadzo akaongeza, "Nilijikongoja." Kitanda cha mbele kuna mtu alikohoa.

"Basi Mungu akulipe, mwanangu," akasema Bi Zuhura. "Na kufua pia umefua wewe?"

"Kufua pia."

"Kwa mguu huo."

"Nina mikono, bibi."

Bi Zuhura akakaa kwenye kibao, akafungua chungu, na wa kwanza kumpa uji alikuwa Mama Kadzo. Mpaka damu ilipokatika alikuja kila siku kutoka Timbwani kunibadilisha, kufua na kupeleka kuanika kwake, kwa kuwa mimi kuinama sikuweza. Mamangu alikuwa akimpisha, akitoka nje mpaka kazi ikwishe. Jambo la nyuma ya pazia mimi na mamangu hatukulitaja, si siku ile, si nilipoolewa, si nilipozaa, mpaka tulipomzika.

Mwaka huu mjukuu wangu Rehema amelazwa kutolewa mafindofindo, naye siku zake zikamjia wadini. Nilikuwapo. Alichukua simu akampigia babake, mwanangu Bakari, akamwambia mbele ya watu, "Baba, niko kwa siku zangu, niletee pedi, zile zenye mabawa." Na simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Bakari akauliza, "Za pakiti ya kijani ama ya buluu?" Mimi nilivuta mtandio usoni kwa haya, haya za mwanangu na za mjukuu wangu, wao hawakuwa nazo. Lakini Bakari alifika kabla sijamaliza kuona haya. Aliambiwa, akajua, akakimbia. Nikamkumbuka Salimu na mahamri yake, hakuambiwa. Kwa hilo siwezi kusema zamani ilikuwa bora, na anayelisema hakuwahi kulala kwenye kitanda kile. Hata hivyo nilipomwona Rehema anapasua pakiti huku akicheka na muuguzi, nilifurahi, na nilisikia kitu kingine ambacho sina jina lake.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Huenda Sista hakuwa Kalondu, alikuwa Kalekye. Huenda kitanda cha Mama Kadzo kilikuwa upande wa mlango na si wa dirisha. Kama kuna mtoto wake Kisauni anayesoma haya, au mtu wa Timbwani aliyemjua Bi Zuhura, na anisahihishe, nitashukuru. Majina na vitanda nisahihisheni. Lakini mamangu alikuwa amefumba macho. Hilo nililiona mwenyewe.