Pochi ya kwendea dinner ilivyotaka kumpeleka mtu mahabusu, Ngorongoro miaka ya themanini

Wakuu, habari za majukumu.

Leo naleta kisa kilichonikuta mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Wale wazee wa kusema "hii chai" karibuni mnywe, ila haina sukari, kama ilivyokuwa miaka yenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mhudumu wa mezani kwenye lodge moja pale ukingoni mwa kreta. Jina la lodge liacheni.

Kwa ambao hamkuwa mmezaliwa: sabuni ilikuwa ya kutafuta, sukari ya mgawo, petroli ndiyo usiseme. Watalii walikuwa wa kuhesabu. Akitokea mmoja na fedha za kigeni, meneja wetu alitembea kinyumenyume mbele yake kama mtu anayeongoza lori kuegesha.

Basi akaja mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, tumwite Madam. Alikuwa mkusanyaji wa pochi. Yaani kazi yake duniani ni kununua pochi ambazo watu wengine hawana, kisha kufurahi kwamba hawana.

Aliyokuja nayo ilikuwa ya kwendea dinner. Umbo la yai, ya chuma, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, imezungushiwa vijiwe vidogo vidogo, na mkufu mwembamba wa kuning'iniza. Ukiifunga inalia ta. Madam alituambia fundi wake huko Ulaya alitengeneza chache tu, kisha akaacha.

Wakuu, ile pochi ilipewa kiti chake mezani. Meneja mwenyewe alikivuta. Sisi wahudumu tulikuwa tunakula tumesimama jikoni.

Ndani yake ilikuwa inaingia rangi ya mdomo na kitambaa kilichokunjwa. Basi. Mpishi wetu aliitazama kupitia mlangoni akasema, "Hata kitunguu hakiingii."

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, Madam akapiga kelele chumbani. Pochi haipo.

Chumba kilikuwa kimesafishwa na Paulina, binti wa Kiiraqw kutoka Mbulumbulu, ambako ndiko kwetu pia. Nilikuwa nampenda na alikuwa anajua, ila tulikuwa hatujaambiana. Ufunguo alikuwa nao yeye. Kwa meneja, uchunguzi uliishia hapo.

"Ndugu Paulina," akamwambia mbele yetu wote, "umelitia taifa aibu."

Paulina akajibu taratibu, "Niibe kile kimfuko nikaweke nini?"

Mpaka leo sijasikia utetezi mzuri kuliko huo. Hakuna aliyeuandika.

Askari alikuja kutoka Karatu kwa lifti ya gari la mboga. Mimi nikawa mkalimani. Madam akataja thamani ya pochi, nikatafsiri. Afande akaacha kuandika. "Muulize vizuri, huenda ametaja bei ya trekta." Nikauliza tena. Ikawa ni pochi kweli, na afande akavaa kofia yake vizuri.

Lodge haikuwa na mahabusu, kwa hiyo Paulina akafungiwa stoo, pamoja na ndoo na mafagio. Ikapangwa asubuhi lipatikane gari lenye mafuta apelekwe Karatu, na kule kesi isomeke kwamba amehujumu fedha za kigeni. Miaka ile ukiingia na kesi ya namna hiyo, kutoka ni majaliwa. Niliogopa, sifichi.

Sasa mimi nilikuwa nimekiona kile chumba. Dirisha wazi, poda imemwagika, biskuti za Madam hazipo. Na ile rangi yake ya mdomo ilikuwa inanukia matunda. Mtu yeyote aliyeishi pale anajua hiyo ni kazi ya nyani.

Nikamwambia meneja. Akanitazama kwa huruma. "Nyani ana elimu gani ya vitu vya thamani?"

Nikaachana naye. Nikawaza hivi: nyani akishakula rangi ya mdomo, pochi anaitupa. Anaitupa porini nyuma ya jiko, kwenye njia wanayopita akina mama wa Kimasai wanaotuletea maziwa kutoka upande wa Nainokanoka.

Na kuna jambo Madam hakulijua. Kila kitu cha lodge chenye mfuniko unaobana, kikitupwa, kinageuka kikopo cha ugoro. Vile vikopo vya filamu za kamera wazee walikuwa wanavigombania, wengine wanavivaa kabisa kwenye tundu la sikio.

Nikamwahi mama mmoja wa maziwa akiwa anafunga vibuyu vyake. "Yeyo," nikamwita, yaani mama kwa Kimasai, "kuna mtu ameokota kitu cheusi chenye mkufu?"

Akacheka. "Kile cha mzee Lemayani? Nimemwokotea mimi asubuhi, nikampa pale malishoni. Saa hii hakamatiki."

Nikamwomba afande twende. Akaangalia viatu vyake, akasema mimi nitangulie.

Mzee Lemayani nilimkuta huko malishoni, amekaa na wazee wa rika lake wamemzunguka. Pochi ilikuwa shingoni, imelala juu ya shuka lake la rubega utadhani imeshonewa hapo. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kama ilivyo desturi. Kisha akafungua, ta, akawapa wenzake ugoro, akafunga, ta. Ilionekana wengine walikuwa wanaomba ugoro ili tu wasikie mlio.

Nikaeleza kwamba ile ni mali ya mgeni.

"Huyo mama ananusa ugoro?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Sasa chake cha nini?"

Nilisoma mpaka sekondari, lakini hilo hatukufundishwa. Nikamwambia tu kwamba kuna binti wa watu amefungiwa stoo kwa sababu ya hiyo pochi.

Akaivua shingoni, na niliona kabisa inamuuma. Nikanyoosha mkono nipokee, akaukwepa. "Nitapeleka mwenyewe. Na chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mimi sijalelewa hivyo."

Akaijaza ugoro wake mkali kuliko wote, akaushindilia kwa kidole.

Nilijaribu kumzuia, wakuu. Lakini utamwambiaje mzee wa Kimasai arudishe chombo kitupu? Hata kwetu kwa Wairaqw, jirani akikuletea uji kwenye kibuyu, unakirudisha na chochote.

Jioni, jua bado lipo, tukaingia kibarazani. Madam alipoiona pochi alilia. Mzee akamkabidhi kwa mikono miwili. Madam akaisogeza usoni kuvikagua vile vijiwe, akaifungua. Ta.

Alipiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Meneja akashika kichwa. Mimi nikatafsiri haraka haraka kwamba kwa heshima ya huku chombo hakirudi kitupu.

Madam akafuta machozi, akaitazama ile pochi kwa macho mengine kabisa. Akauliza kama kuna pochi nyingine ya fundi yule iliyowahi kuvaliwa na mzee wa Kimasai, ikiwa na ugoro wake humo humo. Nikamwambia sidhani. Basi akakataza isifutwe hata kidogo. Akapiga picha na mzee, akampa kikopo cha filamu. Mzee akakipokea kama mtu aliyeshushwa cheo.

Meneja akatoa hotuba juu ya ushirikiano wa uongozi na wananchi. Afande akapiga makofi. Ikaagizwa chai, na siku hiyo sukari ilionekana.

Vikombe vilikuwa vimeshamiminwa ndipo mzee Lemayani akauliza, "Na yule binti?"

Kumbe hakuna aliyemkumbuka. Hata mimi nilidhani ameshafunguliwa zamani.

Stoo ikafunguliwa. Paulina akatoka na vumbi kwenye nywele. Meneja akamwambia, kwa sauti ya kutosha Madam asikie ukarimu wake, "Ndugu Paulina, uongozi umekusamehe. Shukuru, kisha urudi kazini."

"Nimesamehewa kosa gani?"

"Usianze."

Akavua aproni, akaikunja, akampa meneja mkononi. Akaondoka na barabara ya Karatu, hakuaga mtu, mimi nikiwemo.

Baada ya mavuno nikapanda Mbulumbulu. Nikamkuta anapeta maharage. Nikaanza kusimulia nilivyotembea mpaka malishoni upande wa Nainokanoka kwa ajili yake.

Akanikatiza. "Sijakuuliza ulitembea wapi. Siku ile meneja ananiita mwizi mbele yenu, ulisema nini?"

Sikuwa nimesema kitu. Nilikaa chini nikapeta maharage naye mpaka yakaisha, na ilinichukua misimu mingi ya maharage kabla hajakubali posa.

Nilichojifunza ni hiki. Mali ya mkubwa ikipotea, kwanza anatafutwa mdogo wa kubeba lawama, mali inatafutwa baadaye. Ikionekana, watu wanakunywa chai, na yeye bado yuko stoo.

Mliowahi kusamehewa kosa ambalo hamkulifanya, uwanja ni wenu. Na mliokuwa mmesimama pale kimya kama mimi, nanyi semeni.