Kidoti Chekundu Ndani ya Miraa ya Posa

Jamani, aibu niliyoipata Githongo sijui hata niisimulie nikiangalia wapi. Nilikwenda kuposa, nikarudi nikiwa sijui kama nina mchumba au sina.

Mimi ni fundi simu hapa Nchiru, na ugonjwa wangu (ni Kendi, mchumba wangu, anayeuita ugonjwa) ni darubini za kutazamia nyota. Sasa kuna mwalimu wa Kanyakine alikuwa ameniletea kile kidude kinachokaa mgongoni mwa darubini, unakichungulia unaona kidoti chekundu, ukikiweka juu ya nyota basi na darubini imelenga hapo hapo. Taa yake ilikuwa kali, inameza nyota ndogo zote. Nikaifungua, nikapunguza mwanga, nikaifanya iwake na kuzimika, iwake na kuzimika, ili kidoti kikipotea uione nyota iliyo nyuma yake, na kwa sababu mwalimu husahau kuzima akamaliza betri, nikamwongezea kengele ya kulia ti-ti-ti kikiachwa kinawaka dakika mbili. Nilijiona mhandisi kweli kweli.

Asubuhi ya posa nikapitia kwa muuza miraa kuchukua ncoolo, ile miraa ya heshima inayofungwa kwa majani ya mgomba, ambayo bila hiyo wazee wetu hawafungui mdomo kuhusu binti yao. Nikiwa pale nikapata wazo (Mungu anisamehe). Mtu wa boda ukimpa kifurushi cha kawaida atazunguka nacho mchana kutwa, lakini miraa hakuna anayethubutu kuichelewesha. Kidude cha mwalimu nilikuwa nacho mfukoni, nikamwambia muuzaji, "Nifungie na hiki hivyo hivyo." Vikatoka vitita viwili kama mapacha, kimoja nikampa mtu wa boda akimbie nacho Kanyakine, kingine nikakikumbatia mpaka Githongo.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Mutwiri, mtu wa mwili na wa maneno mengi. Alisimama mbele ya Baba Kendi, mzee wa kanisa asiyecheka ovyo, akakibana kitita kifuani na kuanza, "Mzee, sisi hatukupotea njia, tumekuja hapa kwa heshima..." na heshima hiyo aliieleza kwa muda mrefu mpaka kitita kikalia. Ti-ti-ti.

Baba Kendi alimpokonya, akachana majani, na badala ya miraa kikatokea kidude cheusi chenye waya, kinamkonyeza kwa taa nyekundu.

"Yesu wangu!" shangazi mtu akapiga yowe, na kikombe cha chai kikamtoka mkononi.

"Hii ni ya kurekodi," Baba Kendi akasema polepole. "Mmekuja kuturekodi tukiongea mambo ya msichana wetu?"

"Hapana, mzee," nikadakia, "ni ya kutafuta nyota."

"Nyota? Saa saba mchana?"

Wazee wote walinigeukia. Kendi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nikaona njia ni moja tu, nimpigie mwalimu, simu niiweke spika, wasikie ukweli kutoka kwa mwenye mali (uamuzi wa pili wa kijinga siku hiyo).

"Fundi!" mwalimu akaitika kwa furaha. "Kidude sijakiona, lakini asante sana kwa miraa. Mimi mwenyewe sili, lakini walimu wenzangu wameimaliza yote, wanakusifu!"

Hata baba mdogo, wa maneno mengi, aliketi.

Baba Kendi alinirudishia kidude, kikiwa bado kinalia. "Kijana, wale wametafuna ncoolo ndio wamekukubali. Enda Kanyakine uwaulize kama wako na msichana."

Tulitoka bila kuonja chakula, na nilikuwa nimesikia harufu ya nyama. Kendi alinifuata hadi kwenye geti. Nilidhani anakuja kunipoza, nikaanza kumweleza habari ya swichi, kwamba baba mdogo aliibana bila kujua.

"Wewe bado unaongea swichi?" akaniuliza, machozi yakimtoka. "Mimi nilikuwa hapo ndani nikingoja kuitwa niulizwe kama nakupenda. Hakuna mtu aliniuliza."

Akarudi ndani. Jamani, mkienda kuposa, nendeni na posa peke yake.