Mwani ulipomea tangini, fundi alimsingizia mfagiaji

Saa moja na nusu asubuhi zahanati ya watoto bado haijafunguliwa, na Fundi Samaki ameshazamisha mkono hadi kwapani ndani ya tangi la maji ya chumvi. Ameshika mswaki. Anasugua jiwe taratibu, akinyofoa nyuzi za mwani wa kijani, huku mkono wa pili ukishikilia mpira unaonyonya uchafu usisambae.

Kila mlango wa chumba cha kufulia ukilia, anainamisha kichwa.

"Humo ndani kuna mtu nimemkosea," anasema bila kuulizwa. "Andika hivyohivyo. Usinipambe."

Haya, hatumpambi. Jina la Fundi Samaki amebandikwa na wateja. Ana miaka thelathini na sita, mke na mabinti wawili, na kwa miaka kumi na moja amezunguka na baiskeli yenye ndoo mbili akisafisha matangi ya watu. Sasa ana matangi saba. Sita ni ya maji baridi, yasiyo na chumvi, yenye samaki wasio na makuu. Anachopata kinatosha kodi ya nyumba na ada za shule. Akitaka viatu vipya, anatania, itabidi achague mguu.

Hili la zahanati ndilo lake la kwanza la maji ya chumvi: lita mia nne, matumbawe hai, samaki watano. Alihangaika miezi mitatu kuipata kazi hiyo. Daktari mkuu, mama asiyependa maneno mengi, alimuuliza jambo moja tu, kama litapendeza.

"Nikamwambia litang'aa tangu siku ya kwanza. Mdomo huu," anasema, na kuupiga kofi dogo kwa mkono uliolowa.

Maana ukweli ni kwamba tangi jipya la namna hii huchafuka kwanza. Vijidudu vinavyokula uchafu bado ni vichache, kwa hiyo mwani hujilia vya bure. Huja wa kahawia, kisha wa kijani, na baada ya miezi kadhaa hupungua, ilimradi taa isiwake kupita saa saba au nane kwa siku na samaki wasilishwe ovyo. Fundi alilijua hilo vizuri kabisa.

Lakini watoto waliliona tangi wakaacha kulia. Wazazi wakapiga picha, wakamsifu, naye kichwa kikamvimba. Akaacha taa iwake saa kumi na nne kila siku, ili hata mgonjwa wa mwisho alione.

Mfagiaji wa zahanati, mama anayekaribia sitini, ndiye aliyeshtuka mapema. "Mwanangu, hawa samaki hawalali? Mbona taa haizimwi?" Fundi alicheka, akamwambia awaachie wenye kazi yao.

Wiki ya tano mwani ulikuwa umefunika mawe yote kama zulia, na matumbawe mawili yamejikunja. Daktari alimwita mbele ya wagonjwa waliojaa ukumbini. "Fundi, hiki ndicho ulichoniahidi?"

"Nilitafuta pa kujificha, nikamwona yule mama kasimama na fagio lake," anasema. "Nikasema ni sabuni. Mama huyu anafuta kioo kwa sabuni, inaingia ndani."

Mfagiaji alijibu kwamba hutumia kitambaa kikavu. Daktari alikuwa ameshageuka. Jioni hiyohiyo mfagiaji alihamishiwa chumba cha kufulia, kupiga pasi mashuka katika joto, na humo akakaa wiki tatu.

"Na usiandike kwamba niligundua kosa baadaye," Fundi anaonya. "Nilijua palepale. Ingekuwa sabuni, samaki wangekufa kwanza." Anafuta uso kwa bega. Aibu imemjaa, na hajitahidi kuificha.

Nyumbani alianza kurudisha sahani jikoni ikiwa imejaa. Mkewe alipombana, akasema yote. "Akaweka kijiko chini. Akaniambia, mama wa watu, mwenye umri wa mama yako? Afadhali angenitukana."

Jumatatu iliyopita alisimama ukumbini, mbele ya wagonjwa, akakiri. Daktari alimwambia alitunze tangi mpaka litakate, halafu ataona kama anabaki. Mfagiaji akaitwa arudi kwenye kazi yake.

Akakataa.

"Watu walionisikia nikisemwa si hawa," alimwambia daktari. "Wale wameondoka wameamini maneno yale. Nani atawafuata?"

Ndiyo sababu Fundi alilipigia simu gazeti hili. Hajui wagonjwa wa siku ile wanakaa wapi. Anajua tu kwamba huenda baadhi yao wanasoma magazeti, na kama kazi yake itapotea kwa hilo, basi ipotee.

Siku hizi taa huwashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni. Konokono ishirini wanatambaa kwenye mawe wakila mabaki, na jiwe moja limeanza kuonekana.

Mlango unafunguka. Mfagiaji anatoka amekumbatia mashuka yaliyokunjwa.

"Shikamoo, mama," anasema Fundi, mkono bado majini.

Mama anapita. Anapanga mashuka kabatini moja moja, anarudi alikotoka. Ni siku ya nne anaamkiwa hivyo, na ni siku ya nne haitikii.

Tunamfuata. Anashika pasi na kuuliza gazeti linatoka lini. Jumamosi, tunamjibu. Anapiga pasi shuka zima ndipo anaongea tena. "Mwambieni salamu zake nazisikia. Kuitikia, bado."

Tunamfikishia maneno hayo. Fundi anachovya mswaki tena. Anasema kesho si zamu yake hapa, ila atakuja.

"Akisema marahaba, hata kwa sauti ya chini, sitamwomba kingine."