Shemeji, Zima Gari

Visima vya mafuta vilikuwa nyikani, mahali ambapo hata simu ilishika kwa kubahatisha. Lakini macho yaliyovilinda yalikuwa mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi; na zamu ya mchana macho hayo yalikuwa ya mama mmoja mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani.

Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kuitikia kengele, huku mwenzake wa meza ya pili akiandika hesabu za mafuta. Pampu ikipata joto, kengele. Upepo ukisukuma mlango wa kibanda cha umeme, kengele. Mawasiliano yakikatika na kurudi, kengele mbili: moja ya kwaheri, moja ya hodi. Kila aliyefunga kifaa kipya huko alikiwekea kengele yake, maana kinga ni bora kuliko tiba, na hakuna aliyewahi kuondoa hata moja. Mwishowe zikawa zinalia kama vifaranga wenye njaa, naye akizizima kwa kidole gumba huku mkono wa pili ukimenya chungwa.

Hata nyumbani masikio yalikuwa yameshakufa ganzi.

"Mke wangu, simu yako inalia," mumewe alimwambia.

"Ah, nilidhani ni mlango wa kibanda."

Mdogo wa mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi huko huko visimani. Ndiye aliyembandika shemeji yake jina la Bi Kengele. Wawili hao walitaniana kwa redio mchana kutwa.

"Shemeji, rudi upesi, mkeo anaolewa!"

"Mwambie asisahau kunialika. Bi Kengele! Moto! Moto!"

"Moto wapi?"

"Wa chai. Sukari ndiyo sina."

Basi alasiri moja upepo ukavuma huko nyikani, na milango yote ikaanza kupiga kelele kwa pamoja. Mama akabonyeza, akabonyeza. Kidole kikasita hewani. Katikati ya milango ulipita mstari mmoja, rangi ile ile, mlio ule ule: tangi kubwa limejaa. Na pampu zilikuwa bado zinasukuma.

Chungwa likaanguka. Alizima pampu zote kutoka pale mezani, nazo zikatii moja baada ya nyingine. Lakini mafuta yalikuwa yameshaanza kumwagika, na kwenye ramani ya skrini gari la fundi lilikuwa likielekea kule kule. Mvuke wa mafuta hauhitaji kiberiti. Injini iliyopata moto inatosha kuuwasha.

"Shemeji, simama! Zima gari!"

"Nizime gari? Kwani petroli unanunua wewe?"

"Tangi linamwagika!"

"Na chai yangu nayo inamwagika?" Fundi alicheka. Kidoti kwenye ramani kikazidi kusogea.

Mama aliisogeza redio karibu na mdomo. Miaka yote hiyo ya mzaha, leo anasema kweli na kweli yenyewe haina sauti tofauti. Akavuta pumzi, akamwita kwa jina ambalo hakuwahi kulitumia redioni.

"Baba Pacha. Nakuomba kwa wanao. Zima gari, shuka, tembea kuelekea upepo unakotoka."

Kidoti kikasimama.

"Nimeshuka," ilisema redio, kwa sauti ndogo. "Shemeji... nasikia harufu."

Hakuna aliyeumia. Upepo ule ule msumbufu ulipeperusha mvuke, na udongo uliolowa ulikuja kuzolewa. Kilichobaki ni kikao: mama, fundi, mhandisi, na bosi aliyeogopa kuondoa kengele yoyote.

"Kila moja tuiulize," alisema mhandisi, dada aliyekuwa akililia kengele zipunguzwe tangu aajiriwe. "Wewe ukilia, nani afanye nini?"

"Ya mlango?" aliuliza bosi.

"Hakuna afanyaye kitu," mama alikiri. "Tunaizima tu."

"Basi mimi nitatia komeo," alisema fundi, "nayo ipumzike."

Wakabishana hadi bosi mwenyewe akawa anafuta kengele kwa raha, kama mtu anayepalilia shamba. Tangi likapewa mlio wake peke yake, wa kulia mapema kabla halijajaa, na pampu zikafundishwa kujizima. Nao mashemeji wakaapa: utani ruksa, ila moto na mafuta havitaniwi.

Siku ya kwanza ya mfumo mpya, chumba kilikuwa kimya hadi mama akaingiwa na hofu. Akagonga skrini. Akashika redio.

"Baba Pacha, visima vipo?"

"Vipo. Na mimi nipo, kama ulitaka kujua."

"Sikukuuliza wewe!"

Akacheka, akaegemea kiti, akasikiliza. Ndipo alipogundua kwamba mwenzake wa meza ya pili huwa anaimba kazini, na wala hajui kuimba.