Siku Njugu Ziliponivua Shati Ukweni

Kuna boma moja karibu na Asumbi ambapo wanawake wote wameuona mgongo wangu mtupu, akiwemo mama mkwe, na kama unazijua mila zetu unajua hiyo si aibu ya kuchekwa (ingawa naona mmeshaanza kucheka, endeleeni tu). Kwetu mama mkwe ni mtu ambaye hata kula naye chumba kimoja huwezi. Sasa mimi nilimwonyesha mpaka tumbo.

Yote yalianza na simu. Wiki moja kabla ya kwenda kwa kina Akinyi, mchumba wangu, kupeleka ayie, yaani ile sehemu ya kwanza ya mahari ambayo mama wa msichana akiipokea ndiyo amekubali, Akinyi akanipigia, "Mama anauliza kama kuna kitu haukulangi." Mimi ni mtoto wa Karungu kando ya ziwa, nimekuzwa kwa samaki, na tangu shule ya msingi najua nikila njugu mwili mzima unafura vipele. Lakini nikajiuliza, mwanaume mzima, fundi wa kuchomelea vyuma Migori mjini, ashindwe na njugu? Tena kwa watu wanaozilima? Nikajibu, "Mwambie nakula kila kitu."

Basi siku ikafika, tukaenda watano, mimi ndani ya suti nzito ya kuazima na Ouma, rafiki yangu, akiwa ndiye msemaji wetu. Chakula kikaletwa. Mboga za osuga zimeungwa kwa njugu za kusaga, kuku anaogelea kwenye mchuzi wa njugu, na pembeni sahani ya njugu za kukaanga, eti za kutafuna tukingojea ugali. Shangazi yake Akinyi, ambaye kila mtu humwita Waya, akasema kwa fahari, "Orwa, hizi mama amelima na mikono yake. Zingine amechagua moja moja juu yako."

Nikamtazama Ouma, naye akanikanyaga mguu chini ya meza. "Omera, ndugu yangu, kula. Watu wanakuangalia."

Nikala. Na kwa ukweli wa Mungu zilikuwa tamu, nikaongezewa (ndiyo, niliongezewa, tena nikasema asante).

Ouma alikuwa amesimama anaeleza ukoo wetu kuanzia kwa babu wa babu wakati viganja vilipoanza kuwasha, halafu shingo, halafu kiuno, halafu mahali ambapo mtu hajikuni mbele ya wakwe hata akiahidiwa ng'ombe. Nikaanza kuusugua mgongo kwenye kiti polepole, kiti nacho kikaanza kulia kwiii, kwiii, mpaka Waya akauliza, "Orwa, kiti ni mbaya?" Nikasema kiti ni kizuri sana, nikatoa simu mfukoni kana kwamba kuna mtu ananipigia, nikatoka mbio.

Nyuma ya ghala hapakuwa na mtu. Nikavua koti, nikavua tai, nikavua shati, fulana pia nikaitupa huko, nikaegemea kona ya ghala nikaanza kujisugua juu chini, juu chini, macho nimeyafunga, na nadhani nilikuwa nanguruma. Sikusikia nyayo. Nilichosikia ni beseni likianguka.

Alikuwa mama mkwe na wanawake wenzake, wanakuja kunichotea njugu za kubeba nyumbani.

"Yawa!" Akajifunika uso kwa leso, akageuka, wengine wakapiga mayowe, mimi nikashika koti peke yake nikakimbilia upande usiofaa, mbele ya wazee wote, na hapo ndipo watu walipoona vipele vikubwa, midomo imevimba na jicho moja limefunga kabisa.

Waya akashika kichwa. "Hii ni chira, laana kabisa! Huyu kijana amevunja mwiko. Sema hapa hapa kabla hujafa, uko na bibi mwingine umeficha Migori?"

Nikamwona Akinyi mlangoni. Hakuwa anacheka wala kulia, alikuwa anangoja jibu langu, na nikajua nikikosea hapa nimempoteza.

"Nilidanganya," nikasema.

"Ulidanganya nini?" Akinyi akauliza.

"Mimi sili njugu. Nikila nakuwa hivi. Tangu utoto."

Waya akanisogelea. "Njugu?"

"Njugu, Waya."

"Na hakuna bibi?"

"Hata paka sina."

Mzee mmoja akacheka mpaka akatema chai, na Akinyi akanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma amenishikilia nisidondoke. Nikamwuliza kama bado tunaoana. "Nyamaza upone kwanza," akasema, "nikukasirikie vizuri."

Kwenye zahanati nikadungwa sindano na muuguzi akanigombeza kama mtoto, akasema kama pumzi ingeanza kubana, wangenirudisha Karungu ndani ya sanduku. Hapo sasa hata mimi sikucheka. Akinyi alikuwa nje kwenye simu. Aliporudi akakaa kando yangu kwenye benchi.

"Mama amepokea ayie," akasema. "Lakini amesema nikuambie, alikuuliza ndio akupikie. Hakuwa anakupima."

Nililia, jamani. Nikasingizia sindano, halafu nikakumbuka nimetoka kuapa njiani, pale kwenye bodaboda, kwamba sitadanganya tena, nikamwambia si sindano. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nakula nini, namjibu ukweli, hata awe askofu.