Bibi Chumvi, Niliyemtunga Juu ya Dungu

Mwezi uliopita binti yangu alirudi likizo kutoka shule ya bweni, akaja na mchezo. Alikaa barazani na binamu zake, daftari katikati, dadu za pembe nyingi zimetapakaa mkekani, kila mmoja anajifanya mtu wa nchi isiyokuwepo. Mmoja askari, mmoja mwizi, mmoja mganga. Binti yangu alikuwa amepewa kazi ya kuitungia nchi hiyo miungu. Mimi nimetoka mashineni, vumbi la pumba mpaka kwenye kope, nataka maji ya kunywa tu. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, mungu wa mafuriko tumpe sura gani? Awe mzee au kijana?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia nimeitwa mashineni, na sikuwa nimeitwa na mtu.

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kukimbia swali. Waulize watu wa Kibiti. Niliishia darasa la nne, lakini mashine mbili za kukoboa pale barabarani ni zangu, boti inayoleta mpunga kutoka visiwani ni yangu, na wenye digrii wakija na makaratasi yao nawasikiliza mpaka mwisho, halafu nawaonyesha walipokosea. Sikufundishwa na mtu. Nimeona kwa macho nikafanya. Lakini swali lile la mtoto nililikimbia, maana kazi aliyopewa yeye, mimi niliifanya nikiwa na miaka kumi, na niliifanya vizuri kupita kiasi.

Kama hukukulia delta, nikueleze. Mpunga ukianza kutoa masuke, kijiji kinahamia kondeni. Nyumba zinafungwa kwa kamba, kuku wanabebwa kwenye matenga, na kila familia inakwenda kuishi kwenye dungu lake, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya fito, paa la makuti. Chini yake tope na chaza na kaa wadogo. Maji ya bamvua, yale ya bahari inapojaa kupita kawaida, yakija yanapita chini ya miguu yako huku umelala, unayasikia yakinong'ona na nguzo. Sisi tulikuwa upande wa Kiongoroni, karibu na bahari, ambako maji ya mto na maji ya chumvi yanagombania shamba moja.

Kazi ya watoto ilikuwa kuamia ndege. Kuanzia jua halijatoka mpaka linazama, unakaa juu ya dungu na teo lako la kamba la kurushia na kapu la madonge ya tope, unapiga kelele. Kwelea hawana huruma, ukinyamaza muda wa kumeza tonge wameshashuka. Bibi yangu, aliyenilea, alinipikia asubuhi uji wa mchele na kuniachia pepeta iliyofunikwa kwa kawa. Pepeta unaijua? Mpunga mbichi unakaangwa, unatwangwa ungali moto, unakuwa bapa, unanuka kama mvua ya kwanza. Sijala kitu kitamu kama kile tena, na sasa hivi ninakula ninachotaka.

Siku ni ndefu juu ya dungu. Wenzako huwaoni sura, unaona kichwa tu kule mbali juu ya mpunga, na sauti. Ndipo nikaanzisha mchezo. Mimi, si mwingine. Kila dungu nikalifanya nchi, kila mtoto nikampa cheo, tukawa tunapigiana kelele kutoka dungu hadi dungu, hadithi inakwenda mbele siku nzima. Mtu akisema, "Nimevuka mto wa moto," namwambia, "Tupa donge." Donge likigonga nguzo ya dungu lililo mbele yako, umevuka. Likikosa, umeungua. Hapakuwa na mzozo, na ndege nao walikimbia. Wakubwa walitusifu kwamba mwaka ule watoto wana bidii.

Nchi bila wenyewe wa mbinguni haina utamu, nikawatunga. Lile neno la mungu sikulitumia. Mwalimu wetu wa chuo, aliyetusomesha Kurani, alikuwa na kauli yake: anayechonga mungu kwa mkono na anayemchonga kwa mdomo, moto wao mmoja. Kwa hiyo nikawaita Wakubwa, nikadhani nimemkwepa Mola kwa ujanja. Alikuwepo Mkubwa wa Tope, anayemeza viatu vya maofisa. Alikuwepo Mkubwa wa Kwelea, mwenye midomo elfu na tumbo moja. Walikuwa sita, na watoto waliwacheka wote sita.

Wa saba hawakumcheka. Huyo nilimwita Bibi Chumvi. Anatoka baharini na bamvua, nikawaambia, anapanda mkondo polepole, mguu wake wa kushoto anauburuta, mkononi ana fimbo ya mkandaa, mti wa mikokoni, anazungumza peke yake. Anapogusa kwa fimbo, mpunga unakuwa mwekundu kisha unakauka. Hapigani. Anapita tu. Ukitaka asipite kwako, mwekee pepeta kwenye tuta la kuzuia maji na ufunge kitambaa cheusi kwenye kijiti, ajue umemkumbuka.

Nilipomaliza kusema, mashamba yote yalinyamaza. Hata kwelea nadhani walinyamaza. Nikajiona.

Sasa nikwambie nilimtoa wapi. Dungu la tatu kutoka letu lilikuwa la jirani yetu, mjane, rika la bibi yangu, hana mtoto wala mjukuu wa kumuamia. Aliamia mwenyewe. Mguu wake wa kushoto uliwahi kuvunjika akikata mikoko ukaunga vibaya, akawa anauburuta, na alikuwa na fimbo ya mkandaa, na alizungumza peke yake kwa kuwa hakuwa na mwingine. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wangu. Akipita chini ya dungu letu, "Mume wangu, umekula? Au umewaachia ndege chakula chetu?" Nilimpenda. Nilipotafuta sura ya mtu wa kutisha, nilichukua iliyokuwa karibu. Basi. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta miaka yote hii.

Mtoto wa mjomba wangu, msichana wa miaka sita, dungu lao lilikuwa la mwisho, kwenye mkondo. Yeye ndiye aliyeamini kuliko wote. Alichana kaniki kuukuu ya mama yake, akafunga vijiti vitatu kwenye tuta, akaweka pepeta yake kila siku, yeye akishinda na njaa. Nilijua. Ningeweza kumwambia aache. Badala yake nilimpigia kelele kwamba Bibi Chumvi amefurahi.

Bamvua ya mwezi ule ilikuja kubwa. Maji yakabomoa tuta palepale kwenye vijiti, chumvi ikaingia. Siku ya tatu mpunga wa mashamba manne ya mkondoni ulikuwa umekuwa mwekundu, siku ya tano umekauka, unalia miguuni kama karatasi. Shamba la jirani halikuguswa. Lilikuwa kwenye mwinuko, mtu yeyote angeliona hilo siku ya kawaida. Ile haikuwa siku ya kawaida. Watu wakaenda kuliangalia tuta, wakakuta vitambaa vyeusi na chakula kimemwagwa.

Nakiri jambo la aibu. Siku ile ya kwanza nilipowasikia watu wazima wananong'ona jina la Bibi Chumvi walilolisikia kwenye kelele zetu, wanaume wenye ndevu, niliona fahari. Nilitaka kuwaambia ni wangu.

Fahari ilidumu mpaka jioni. Wakamweka kati yule msichana wa miaka sita, wakamuuliza Bibi Chumvi ni nani. Akasema anaburuta mguu. Mguu gani? Wa kushoto. Ana nini mkononi? Fimbo. Hakusema uongo hata mmoja. Watu wakaanza kutazama upande wa dungu la tatu.

Ilikuwa Jumatano. Wakaamua aletwe mganga wa kunyoa kutoka juu ya mto, angefika Jumamosi. Kwetu mtu aliyetajwa uchawi hakuuawa, alinyolewa. Mganga anakuondolea nywele zote kwa wembe mbele ya watu, anakupaka dawa kichwani, na tangu hapo uchawi wako umekufa. Wewe pia umekufa kidogo. Hupewi mtoto umbebe. Ukiingia kwenye uvunaji wa kusaidiana, watu wanakumbuka kazi nyumbani.

Siku tatu hizo nilizimeza kama miiba. Nikisema, nitakuwa nimekiri kwamba nimetunga mungu, na moto nilikuwa nimeshaelezwa urefu wake. Nisiposema, wananyoa mtu asiye na kosa. Na chini ya hofu hizo mbili palikuwa na ya tatu, mbaya zaidi, ambayo sikuweza hata kuisema moyoni: huenda yupo. Nilimwita na akaja, na bamvua kama nilivyosema, njia niliyomwonyesha. Bibi yangu alikuwa na msemo, ukimwita nyoka kwa jina, mtandikie na kitanda. Maji yakipita chini ya dungu nilisikiliza kama kuna mguu unaoburuzwa.

Ijumaa nilikwenda msikitini, nikakaa nyuma ya mwalimu nipate kumwambia. Hotuba ikaisha, watu wakatoka, nikatoka nao.

Jumamosi asubuhi walimweka jirani kwenye kigoda, uwanjani. Alikuwa amevaa kanga safi, kama mtu anayekwenda arusini. Mganga alikuwa kijana kuliko nilivyotazamia, anatafuna muwa. Alipofungua wembe, miguu yangu ikanipeleka mbele bila kuniuliza.

"Bibi Chumvi ni wangu," nikasema. "Nimemtunga mimi. Ni mchezo."

Bibi yangu akanivuta shati. Mganga akatema makapi ya muwa.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna."

"Huo mguu ulimpa kwa nini?"

"Nilimwona bibi huyu anavyotembea."

"Ulikuwa unamtazama."

"Nilikuwa namtazama kila siku."

Akawageukia watu taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu. "Mmesikia wenyewe. Kumbe bibi anamtazama mtoto kila siku, maneno yanamwingia, mtoto anadhani ni yake. Mtoto wa miaka kumi atatunga kitu cha kukausha mashamba manne?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mjomba akanibeba begani kama gunia, huku nikipiga kelele kwamba nilimtunga mimi, mimi, na wanawake wakisema masikini, ameshikwa kweli. Nikasikia wembe ukianza.

Mwalimu wa chuo nilimwendea siku ileile, nikamweleza mwanzo hadi mwisho, nikageuza mgongo nisubiri fimbo. Hakunipiga. Alikunja mkeka wake, akaukunjua. Akasema, "Ungekuja jana. Jana ningelisema mimbarini." Sijapigwa pigo kubwa kuliko hilo, na nimepigwa na maisha, usinione hivi.

Siku ya pili nilipita kwenye dungu la tatu. Jirani alikuwa amekaa juani chini ya dungu, anachambua mchele kwenye ungo, kichwa cheupe, kidogo, kama si chake. Nilisimama mbali. Akaniita nikae. Akanipa mchele upande wangu niutoe mawe, tukachambua pamoja. Kisha, bila kuniangalia:

"Nimesikia kule mbinguni kwako nina kazi kubwa."

Nikaanza kulia.

"Natembea juu ya maji, wanasema."

"Ndiyo."

"Halafu mume wangu, na uwezo wote huo, ukanipa mguu uleule mbovu? Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Si ungeninyoosha."

Akacheka. Alicheka mpaka akapenga kwa ncha ya kanga, kisha akajigusa kichwa kwa kiganja kana kwamba amesahau kilichoondolewa.

Alikaa nasi misimu miwili. Msimu uliofuata chumvi iliingia tena, mashamba mengi zaidi, na hakuna aliyesema chochote kuhusu kichwa kilichokwisha nyolewa. Ndugu zake wakamchukua wakampeleka Mohoro. Nilikuwa shuleni siku alipoondoka, na miaka mingi baadaye nilipokwenda kumtafuta, nikiwa na uwezo wa kumpa chochote, nilionyeshwa kaburi ambalo hata mwonyeshaji hakuwa na hakika nalo.

Siku hizi ninapopita kule na boti yangu naona mikoko imeota palipokuwa na mpunga. Wajuzi wanasema bahari inapanda, mto umepungua nguvu, na nina hakika wako sahihi. Madungu yamebaki machache. Watoto wanaamia na simu mkononi, na zile sauti zilizokuwa zikirukiana shamba zima, donge likigonga nguzo, mtu kavuka, mtu kaungua, hakuna. Bibi yangu hayupo, mwalimu hayupo, pepeta inauzwa stendi kwenye vifuko na haina harufu. Hata mtoto wa mjomba, mama mtu mzima sasa, nilimuuliza siku moja kama anakumbuka vile vijiti. Akasema ndiyo, na yule bibi mchawi.

Sikumsahihisha. Nilifungua mdomo nikaona umri wangu, jina langu mjini, nikafunga. Kwa hiyo bado yupo, unaona. Nimejenga nyumba nikazibomoa, nimefungua biashara nikazifunga, lakini kile nilichokitunga nikiwa na miaka kumi sijui pa kukivunjia. Ukweli niliusema mara moja tu, kwa sauti kubwa, mbele ya kijiji kizima. Aliyeniamini pale uwanjani ni mmoja, na ndiye waliyemnyoa.